Kamera Namba Sita Ilipotazama Ukuta

Mwanangu Saumu,

Barua hii utaipokea mkononi mwangu, ndani ya basi, tukikaribia Kiwangwa. Nakuomba usiifungue mpaka niwe nimeshuka. Umeniuliza mara mbili wiki hii kwa nini nishuke Kiwangwa, ambako hatuna ndugu wala shamba, badala ya kukusindikiza angalau mpaka Msata. Mara ya kwanza nilijifanya sikusikia. Mara ya pili nilikwambia nina shughuli. Jibu lenyewe ni refu, na mimi unanijua: jambo refu likifika mdomoni ulimi wangu hukauka. Ndiyo maana naandika.

Sasa hivi ni alasiri. Wewe na mama yako mmekwenda Kaole kumuaga bibi, na nyumba imetulia kiasi kwamba nalisikia sanduku lako la bati likialika kwa joto pale karibu na mlango. Sitakuandikia habari za sabuni wala chandarua. Mama yako ameshaziandika zote na kuzibandika ndani ya kifuniko cha sanduku, na mimi nimezikagua mara tatu, kama kawaida yangu. Nataka kukusimulia habari ya kamera namba sita, na habari ya Babu Kibwana.

Najua ukiliona jina hilo utakunja uso. Endelea kusoma, mama.

Unakikumbuka chumba changu cha kazi pale kwenye maegesho ya magari, karibu na ufukwe? Kidogo kama stoo, feni inazunguka kwa kujilazimisha, na ukutani ile skrini iliyogawanyika picha nane. Ulipokuwa darasa la tatu na la nne ulikuwa ukitoka madrasa unakuja pale, unakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, unatazama. Magari ya wageni wa hoteli. Pikipiki za wachuuzi waliokuja kuchukua samaki. Paka mmoja mwenye mkia uliokatika, aliyelala chini ya gari lile lile kila siku mpaka tukadhani ni lake. Uliniuliza kwa nini watu wa mle ndani hawasemi. Nikakwambia kamera zetu hazina masikio. Ukafikiri kidogo, ukasema basi huo ni mji mwingine, mji wa watu waliokatazwa kusema, na ukaanza kuwasemea wewe mwenyewe, kila mmoja na sauti yake, mpaka mchuuzi mnene akawa anaongea kama mtoto mchanga.

Wakati wa kusi, upepo ulipoleta chumvi, vioo vya kamera vilifunga ukungu. Picha ikawa nyeupe pembeni, na magari yakaelea katikati kama yametiwa ndani ya maziwa. Siku moja ulinivuta shati. "Baba, kamera namba tatu inaota ndoto." Mimi nikaandika kwenye daftari: Kamera 3, kioo kina chumvi, kisafishwe. Lakini tangu siku hiyo, kila nikiuona ukungu ule, nasema moyoni, hiyo inaota, na naiacha iote dakika moja zaidi kabla sijachukua kitambaa.

Sidhani nimewahi kukueleza kazi yangu vizuri. Kuharibika kukubwa hutengenezwa na fundi kutoka Dar. Mimi ni karani. Kila asubuhi nahakikisha kamera zote nane zinaona. Nafuta chumvi kwa maji baridi ya bomba, nakagua visanduku vya waya kama vimeshika kutu. Buibui wanazipenda kamera, kwa sababu giza likiingia taa zake ndogo huvuta wadudu, na utando mmoja tu ukipita mbele ya kioo picha yote huwa kama imevishwa shela. Nyigu nao hujenga kwa udongo pale pale penye kivuli. Hayo yote naondoa, halafu naandika: siku, saa, namba ya kamera, kilichofanyika, aliyekuwepo.

Daftari hilo lilikuwa fahari yangu. Meneja alikuwa akiwaambia wakubwa wake wakija, "Kama halimo kwenye daftari la Idrisa, halijatokea." Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na cheti changu cha utunzaji wa kumbukumbu nimekitia kwenye fremu. Niliogopa simu ikiita. Niliogopa barua zenye muhuri. Niliogopa kusimama mbele ya mtu aliyevaa tai. Hofu ikiwa ndani ya mtu mwenye mwandiko mzuri, watu huiita uangalifu, na mimi niliwaacha waiite hivyo.

Sasa Babu Kibwana. Ulikuwa mdogo, kwa hiyo huenda unamkumbuka kwa vipande. Alikuwa mlinzi wetu wa mchana. Alikuwa na upondo, mwanzi mrefu aliouchonga mwenyewe na kuufunga kitambaa laini kwenye ncha, kwa ajili ya kuondolea utando wa buibui bila kupanda ngazi. Alijifanya kakuchumbia, ndiyo maana mimi nilikuwa mkwe wake, nami nilikuwa mdogo kuliko kitinda mimba wake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mkwe. Mchumba wangu kala?"

"Kala."

"Kala nini?"

"Wali na kisamvu."

"Kisamvu leo, kisamvu jana! Unanikondeshea mke huyu. Nitamrudisha kwenu, shauri yako."

Na wewe kutoka juu ya ndoo: "Simtaki, hana meno!"

"Meno nimeyaacha nyumbani, bibi. Yanalinda mlango."

Alikusukia kititia cha ukuti, kile ulichokitundika juu ya kitanda chako, kikawa kinazunguka polepole kila mlango ukifunguliwa.

Mwaka ule masika yaliangusha kipande cha ukuta wa nyuma wa maegesho, upande unaopakana na nyumba ya Bi Zuhura. Ukuta haukujengwa. Pakawekwa uzio wa makuti, mfupi. Kamera namba sita, iliyokaa juu ya mlingoti kutazama safu ya nyuma ya magari, ikawa inaona na kipande cha ua wake: kinu, kamba ya nguo, kona ya mkeka. Sikulitilia maanani. Halafu mume wa Bi Zuhura akafariki, na yeye akakaa eda.

Siku chache baadaye alikuja dada yake, Bi Salma. Alisimama mlangoni pa ofisi, hakuingia.

"Wewe ndiye mwenye hayo macho?"

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Macho gani?"

"Marahaba. Hayo ya juu ya mlingoti. Dada yangu yuko eda. Miezi minne na siku kumi haonwi na mwanamume asiye maharimu wake. Tumefunga mlango wa mbele, tumefunga madirisha. Sasa nyinyi mnamtazama kutoka mbinguni?"

"Hatumtazami yeye, Bi Mkubwa. Tunatazama magari."

"Basi nionyeshe hayo magari."

Nikasogea pembeni, akaiona skrini. Katika picha ya sita Bi Zuhura alikuwa ameketi juu ya mkeka, kwenye jua la asubuhi, kichwa wazi, anachambua mchele. Mkono wake ulikwenda na kurudi taratibu, kama wa mtu aliye chini ya maji. Hakujua kitu. Bi Salma alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Nami nikashikwa na haya kana kwamba nimefumaniwa nachungulia dirishani, ilhali nilikuwa nimekaa tu kwenye kiti changu cha kazi.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "na wewe una mama."

Aliondoka.

Nilipaswa kumpigia simu meneja, ambaye siku hizo alikuwa Dar. Nilijua atasema safu ya nyuma lazima ionekane. Nilijua pia kwamba sitaweza kumbishia. Nikaona njia nyepesi ni kutomuuliza kabisa. Nikamwita Babu Kibwana, akaleta ngazi, akaishika kwa mikono miwili. Nikapanda, nikalegeza skrubu.

"Imetosha?" nikauliza kutoka juu.

"Bado. Hapo inaona kinu."

"Na sasa?"

"Sasa inaona ukuta uliobaki. Iache isome ukuta, miezi minne si mingi." Akacheka, ngazi ikatikisika, nikashika mlingoti kwa mikono yote miwili, naye akazidi kucheka. Niliposhuka akanipangusa kutu begani. "Safu ya nyuma nitaizungukia mwenyewe kwa miguu. Wewe nenda ukaandike, mkwe. Mwenye kalamu ni wewe."

"Nitaandika," nikasema.

Nilikaa mezani, nikafungua daftari, nikashika kalamu. Nikamwona meneja akisoma. Nikaisikia sauti yake ikiniuliza nimepewa ruhusa na nani. Nikajiambia nitaandika kesho, nikishapata maneno mazuri. Nikaacha mstari mmoja mtupu, Saumu, mstari mmoja tu, nikaandika kwenye uliofuata: Kamera 7, utando wa buibui umeondolewa. Kesho yake sikupata maneno. Wala kesho kutwa.

Siku ya kumi na moja, adhuhuri, gari la mgeni lililoegeshwa safu ya nyuma lilivunjwa kioo na begi likachukuliwa. Babu Kibwana wakati huo alikuwa mbele, anasaidia kulisukuma gari la samaki lililokwama kwenye mchanga. Jioni ile ile meneja alifika kutoka Dar. Tulisimama watu watatu ndani ya chumba kile kidogo, na feni haikutusaidia kitu.

"Namba sita inatazama nini?"

"Ukuta, bosi."

"Nani kaigeuza?"

Hakuningoja. Alivuta daftari, akapita ukurasa baada ya ukurasa kwa kidole.

"Hapa hakuna kitu. Idrisa hakuandika, maana yake haikugeuzwa kikazi." Akauona upondo umeegemea kona. "Fimbo hii ya nani?"

"Yangu," Babu Kibwana akasema.

"Inafika juu ya mlingoti?"

"Inafika. Ndiyo kazi yake."

"Basi kamera uliisukuma wewe, ukampa mwenzako nafasi. Na wewe ukajipeleka mbele, ukajifanya unasukuma gari."

Babu Kibwana hakumtazama meneja. Alinigeukia mimi. Uso wake haukuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa ananingoja tu, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kufunga kamba ya kiatu waendelee na safari.

"Hebu lifungue vizuri daftari, mkwe," akasema. "Bwana mkubwa karuka ukurasa."

Hakuwa na shaka hata chembe kwamba nimeandika. Na mimi niliinamisha kichwa. Nilitazama vidole vya miguu yangu ndani ya ndala, nikaviona vyote kumi, na nadhani hapo ndipo alipojua. Aliulizwa mara mbili, mara tatu, akajibu, "Mimi sina la kusema."

Meneja akaniambia, "Rudisha mashine nyuma. Tuone nani kapita chini ya mlingoti ule."

Mashine yetu ilikuwa inatunza picha za siku kumi na nne, kisha inafuta za zamani na kuandika mpya juu yake. Ilikuwa siku ya kumi na moja. Ndani yake, kwenye kamera namba tano inayouona mlingoti wa namba sita, nilikuwemo mimi, juu ya ngazi, bisibisi mkononi.

"Zimeshafutika, bosi," nikasema. "Inabeba siku kumi tu."

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Nilikuwa Idrisa wa daftari.

Hakumpeleka Babu Kibwana polisi. Alisema anaziheshimu mvi zake. Alimwambia asionekane tena pale. Mzee alichukua kofia yake na chupa yake ya maji, upondo akauacha ulipo. Mlangoni alisimama. Nilidhani sasa atanilaani, na nilikuwa tayari, hata nilitamani.

"Mkwe," akasema, "kamera namba mbili ina nyigu. Usipeleke mkono bila kutazama."

Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Kwa muda mrefu sikuelewa kwa nini hakujitetea. Nimefika mahali nadhani naelewa. Angesema kweli, ingebidi aueleze ua wa Bi Zuhura mbele ya meneja, na meneja angetaka kuuona, na pengine wakubwa wake pia. Alimsitiri mwanamke aliye eda. Na mimi nikaingia ndani ya sitara hiyo hiyo, nikajificha.

Siku tatu zilizofuata picha ile ilikuwa bado ipo. Nilikuwa nikifunga mlango wa ofisi na kuitazama. Ilikuwa na ukungu wa chumvi pembeni. Namba tano nayo ilikuwa inaota. Katikati ya weupe ule alisimama mzee ameshika ngazi kwa mikono miwili, anatazama juu, anacheka, na kicheko hakitoki. Nilikumbuka mji wako wa watu waliokatazwa kusema. Nilijiambia, leo nampigia meneja. Nikaitazama tena. Asubuhi ya siku ya nne niliitafuta, haikuwepo. Mashine ilikuwa imesonga mbele, kama ilivyoelekezwa. Nilikuwa nimesema uongo, na sasa uongo wenyewe ulikuwa umegeuka kweli: zimeshafutika, bosi. Nilidhani nitapumua. Nilikaa nikaangalia paka yule mwenye mkia mfupi akivuka kutoka picha ya pili kwenda ya tatu, nikajisikia kama ni mimi niliyefutwa.

Meneja aliamuru namba sita irudishwe ilipokuwa. Nikairudisha. Niligonga kwanza kwa Bi Salma kumwambia, kwa aibu, na yeye akanishukuru! "Umetusitiri siku zote hizi, Mwenyezi Mungu akulipe." Tangu siku ile picha ya sita ikawa ya mashuka. Waliyatundika kwenye kamba ya ua tangu alfajiri mpaka machweo, meupe, yaliyolowa, mpaka eda ikaisha. Nilikuwa nafanya kazi mbele ya mashuka yale. Upepo ukiyajaza yanatuna, ukiyaacha yananywea, na nyuma yake wakati mwingine kivuli cha mtu aliyeketi. Miezi mitatu na zaidi niliyaota hata nikiwa macho.

Lakini hayo yote ningeweza kuishi nayo. Watu huishi na mengi. Lisilokwisha ni hili.

Siku ya pili au ya tatu baada ya mzee kuondoka, ulirudi kutoka shule, mama yako anapakua. Ukauliza, "Baba, watoto wanasema Babu Kibwana mwizi. Kweli?"

Nikakujibu, "Kula, chakula kitapoa."

Ulikula. Ukanawa mikono. Kisha ukaenda chumbani, ukakitungua kile kititia, ukapita nacho mbele yangu, ukakitia jikoni kwenye makaa. Kilizunguka mara moja kwa ule moto kabla hakijashika. Nilikuwa nimekaa. Ningeweza kunyanyuka. Tangu siku ile hujawahi kulitaja jina lake, na mimi nikajifanya ni mambo ya utoto. Nilikufundisha kumdharau mtu kwa maneno matatu, Saumu, na hakuna hata moja kati yake lililokuwa la uongo.

Mwezi uliopita kijana mmoja muuza mananasi kutoka Kiwangwa alisimamisha pikipiki yake pale getini, akaniulizia kwa jina.

"Wewe ndiye Idrisa wa kamera? Kuna mzee kwetu anakuita mkwe."

Nilishika nguzo ya geti.

"Kasema nimuulizie. Mchumba wake kafaulu?"

"Kafaulu," nikasema. "Anakwenda sekondari ya bweni, Tanga."

"Basi kaniambia kama kafaulu nitoe hili." Akafungua kamba, akanipa nanasi moja, lile lile ulilolila na mama yako mkasema hamjapata kula tamu kama hilo mwaka huu. Mliniuliza nimelinunua wapi. Nilisema getini. Unaona ninavyosema.

Usiku huo nilimweleza mama yako. Hakunifokea. Alifungua sanduku lako, akatoa nguo zote alizokuwa amezikunja, akaanza kuzikunja upya, moja moja. Alipomaliza akasema, "Mtoto asiondoke na uongo wetu kwenye mizigo yake." Halafu akazima taa.

Kwanza nilikwenda kwa Bi Salma, maana siri ile haikuwa yangu peke yangu. Nilimsimulia yote nimesimama, mlangoni, kama alivyosimama yeye siku ile. Nikamwomba ruhusa ya kuandika habari ya eda.

"Na yule mzee kafukuzwa kwa ajili yetu, na mimi nakuombea wewe dua?"

"Ndiyo, Bi Mkubwa."

"Andika. Dada yangu hana aibu ya kuchambua mchele uani kwake. Aibu ni yako, baba. Nenda ukaitue."

Jana, kabla sijatoka kazini, nililitoa kabatini daftari la mwaka ule. Karatasi imeanza kuwa ya manjano. Mstari ulikuwa pale, mtupu, kati ya kamera namba nne na kamera namba saba, na niligundua kwamba miaka yote mitatu sikuwahi kusahau upo ukurasa gani. Haukutosha. Niliandika kwa herufi ndogo, nikaendelea pembezoni, nikageuza daftari nikaandika maneno yamesimama wima: Kamera 6 imegeuzwa ukutani na mimi Idrisa, bila ruhusa ya meneja, kumsitiri jirani aliye eda. Kibwana alishika ngazi tu. Picha zilikuwepo nilipoulizwa, nilisema zimefutika. Imeandikwa leo, miaka mitatu baada ya tukio, kwa kuwa niliogopa. Nikaweka tarehe ya siku hiyo, nikatia sahihi, nikaliweka wazi juu ya meza ya meneja. Anaingia kesho saa mbili asubuhi. Saa hiyo sisi tutakuwa ndani ya basi.

Sijui atafanya nini. Pengine nikirudi nitakuta kiti changu kina mtu mwingine. Nimelifikiria hilo tangu jana, na mama yako ameninywesha maji ya tangawizi kama mtoto. Sitakudanganya kwamba nimekuwa shujaa. Hata sasa naogopa, tazama mwandiko.

Unafanana nami, mwanangu, hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko safari. Una mwandiko wangu. Unakagua mlango mara mbili. Huko shuleni walimu watakupenda haraka, watakupa funguo za kabati, watakupa daftari la mahudhurio, watasema Saumu akisema ni kweli. Watu wakikuamini hivyo, neno usilolisema nalo huhesabiwa kuwa umelisema. Mimi sikuambiwa hivyo na mtu. Nimelijua kwa mgongo wa mzee wa watu. Ukichelewa siku moja kuandika kosa lako, andika siku ya pili, hata kwa maneno mabaya. Yale maneno mazuri niliyoyangoja hayakuja mpaka leo.

Na ukiogopa, ogopa. Sikuombi uache. Mimi mwenyewe sijaweza.

Nawasikia watoto wa jirani wanawapokea njiani, nadhani mmerudi. Nitaikunja barua hii niitie mfukoni, na tutakula pamoja, na nitakuuliza bibi kasema nini, na hutaona kitu usoni kwangu isipokuwa uchovu.

Kesho, basi likikaribia Kiwangwa, nitakupa mkono, nitakupa na bahasha. Nitakuwa nimebeba upondo. Nimeutunza nyuma ya kabati la ofisi miaka yote hii, na kondakta bila shaka atalalamika. Wewe utabaki na mama yako, na Mwenyezi Mungu akufikishe ukiwa unacheka. Sijui nyumba ya Babu Kibwana ni ipi. Nitauliza. Sijui kama atanifungulia, na akinifungulia sijui nitaanza na neno gani, ila nimejipangia shikamoo, halafu jina lako.

Nikikupa bahasha nitakwambia gari likiondoka ugeuke utazame nyuma, kabla hujajua kama utaipenda barua hii au utaichukia. Utaniona kando ya barabara, kati ya mafungu ya mananasi, nimeshika mwanzi mrefu kama mtu asiyejua anakwenda kusafisha nini. Nitakuwa naogopa. Lakini nitakuwa nimeshashuka.

Baba yako,
Idrisa